Cairo: tope liliitunza, nyaya zikaikata

Nikisikia watu wanamlaumu Kapteni Selfridge kwamba ndiye aliyeipoteza Cairo, manowari ya Marekani aliyoiongoza, huwa nacheka, maana kuzamisha aliizamisha kweli, ila walioimaliza ile meli ni waliokuja kuiokoa.

Hii ni vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Majimbo ya Kaskazini wanautaka mto Mississippi kwa hiyo wanaunda manowari saba za mtoni zilizovikwa chuma, mchoraji Samuel Pook, fundi James Eads, watu wakaziita kobe wa Pook. Cairo, mojawapo ya hizo saba, ilibeba mizinga 13. Sasa kobe mwenyewe gamba lake lilikuwa la juu tu kule mizinga inakopiga, chini ya maji ni mbao tupu.

Desemba 12, 1862 wako mto Yazoo jirani na mji wa Vicksburg wanatafuta mabomu ya majini, na usidhani ni mitambo ya ajabu, ni chupa kubwa za kioo zimeshindiliwa baruti. Selfridge akaona wenzake wanachelewa akajisogeza mbele, ikalipuka moja ikalipuka ya pili, dakika kama 12 hivi meli chini, futi 36 za maji, na hakufa mtu hata mmoja! Zikabaki bomba za moshi zimechomoza, wenzao wakaziangusha ili adui asijue ilipo. (Huyu bwana alikuwepo pia kwenye meli ya Cumberland ilipozamishwa Machi 8, 1862, halafu akapewa meli ya Conestoga, ikagongwa na meli ya upande wao wenyewe ikazama Machi 8, 1864. Mkosi gani huo jamani.)

1956 mwanahistoria Edwin Bearss na wenzake wawili wakaikuta kwa dira ya mfukoni na vyuma vya kuchokoa matope, basi. Tope lilikuwa limefunika kila kitu, viatu, vitana, chupa za dawa, vitu vya mabaharia kama walivyoviacha siku ile. 1960 wakanyanyua chumba cha usukani, kikatoka vizuri, na nadhani hapo ndipo watu walipopata tamaa ya kuinyanyua meli nzima.

Oktoba 1964 wakapitisha nyaya nene za inchi tatu chini ya meli imejaa tope, wakavuta, nyaya zikaingia kwenye mbao kama kisu kwenye papai. Ikabidi waikate vipande vitatu. Halafu ikapelekwa mji wa Pascagoula ikakaa huko mpaka 1977 hela hakuna, mbao zinaoza, yaani mto uliitunza miaka 102 sisi ikatushinda hata 15.

Najua mtaniambia zile sita nyingine hakuna hata moja iliyobaki, bora hii. Sawa, bora hii, lakini wangetafuta hela na banda kwanza ndio wavute. Leo iko Vicksburg chini ya paa kama hema, mizinga ipo, vyuma vipo, ila mbao nyingi unazoziona pale ni mpya.