Rafiki Usiyekubaliana Naye

Anayeshikilia urafiki na mtu wa msimamo tofauti siku hizi huitwa ndumilakuwili. Wanaomlaumu wana hoja: kukaa naye meza moja ni kumpa heshima, na heshima hiyo huyapa nguvu mambo anayoyaamini. Shida yangu ni kwamba hoja hii inauchukulia urafiki kama tuzo.

Majaji Ruth Bader Ginsburg na Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu ya Marekani walivutana kuhusu Katiba miaka nenda rudi, huku familia zao zikiupokea Mwaka Mpya pamoja. Mwaka 1996 Ginsburg aliandika hukumu ya kukitaka chuo cha kijeshi cha Virginia kipokee wanawake. Scalia, mpinzani pekee, alimpa mapema rasimu ya maoni yake ya kupinga. Ginsburg alisimulia baadaye kwamba rasimu ile ilimharibia wikiendi, lakini hukumu yake ilitoka ikiwa imara zaidi. Hakuna aliyehama upande. Ila nani humpelekea hasimu wake rasimu kabla ya siku?

Wapo wanaotaka ushahidi mpana zaidi ya majaji wawili wapenda opera. Mwaka 2006 wanasaikolojia Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 kuhusu makundi yanayokutana, wakaona kwamba kukutana huenda sambamba na kupungua kwa chuki. Nguvu ya uwiano wenyewe, kwenye kipimo cha 0 (hakuna uhusiano) hadi 1 (uhusiano kamili), ni kama 0.21 tu. Ni mdogo, nakubali, na tafiti hizo zilipima chuki baina ya makundi, si mabishano ya maadili hasa. Hata hivyo sijui ni hotuba gani ya kukemea iliyowahi kufika hapo.

Tangu 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alitaja masharti ya kukutana kwenye manufaa, la kwanza likiwa usawa. Hapo ndipo wakosoaji wananibana. Mfanyakazi hana usawa na bosi anayeidharau jamii yake, na kumwambia ajenge uhusiano ni kumtwika mzigo wa mwingine. Huyo akijitenga, simlaumu. Lakini wengi ninaowaona wakijitenga wamewakimbia watu walio sawa nao kabisa: binamu, aliyesoma naye darasa moja, jirani wa miaka ishirini, kisa kura aliyopiga au namna anavyosali.