Sindano ya kuzuia kutapika: nani anaihitaji, na nani angepona bila kuchomwa

Mgonjwa anayetapika hana subira, na anayemuuguza pia hana. Ndiyo maana sindano ya kuzuia kutapika ni kati ya chache ambazo watu huziomba kwa jina. "Mchome Plasil," mama anamwambia nesi kabla mtoto hajapimwa hata joto. Plasil ni jina la kibiashara la metoklopramidi. Nyingine ya siku nyingi ni promethazini, ambayo wengi wanaijua kama Phenergan, na ya tatu ni ondansetroni, iliyoingia baadaye. Zote tatu zinafanya kazi, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye urahisi wa kuzitoa: ziendelee kuchomwa kwa kila anayetapika, au zibanwe? Na zikibanwa, nani ataumia?

Wanaozitetea wana hoja nzito. Kutapika kusikokoma kunafunga mlango wa tiba: kidonge hakikai, uji haukai, hata maji yanarudi. Mjamzito anayetapika kutwa kucha mpaka anapungua uzito hawezi kuambiwa avumilie eti ni hali ya ujauzito. Mgonjwa wa saratani anayewekewa dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, pale hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, asipokingwa mapema karibu ni lazima atapike, na wapo wanaokimbia tiba kwa sababu hiyo tu. Mama anayejifungua kwa upasuaji chini ya ganzi ya mgongo, presha ikishuka ghafla, anatapika akiwa amelala chali na tumbo liko wazi. Huyo humpi kidonge. Shirika la Afya Duniani lenyewe limeziweka metoklopramidi na ondansetroni za sindano kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa hiyo anayesema sindano hizi ziondolewe kwenye vituo vya chini hajawahi kukaa na mgonjwa wa namna hiyo usiku, gari la kwenda hospitali ya wilaya likiwa halipatikani.

Lakini metoklopramidi inazuia kichefuchefu kwa kuziba njia ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, na dopamini hiyo hiyo ndiyo inayosaidia misuli itulie na kutii. Kwa baadhi ya watu, hasa watoto na vijana, saa chache baada ya sindano shingo inapinda upande mmoja, macho yanapinduka juu na kugandia huko, taya linakaza, ulimi unatoka nje. Mgonjwa ana akili zake timamu. Anakusikia, anaogopa, ila hawezi kunyoosha shingo.

Nimemwona binti wa sekondari akiletwa katika hali hiyo, amefungwa kanga mbili ili asijiumize, baba yake mdogo akimsomea dua sikioni. Nyumbani walikuwa wameshakubaliana kwamba amepandisha mashetani. Muuguzi wa zamu aliuliza swali moja tu: jana alichomwa nini? Kwenye daftari la kituo alikotoka palikuwa pameandikwa "sindano ya kutapika", bila jina la dawa, bila kipimo, bila saa. Alipochomwa biperideni, dawa ya kulegeza misuli iliyokazwa namna hiyo, shingo ililegea baba mdogo akiwa bado amesimama pale pale. Sina neno na dua. Nina neno na daftari, kwa sababu mstari mmoja ulioandikwa vizuri ungeiokoa familia ile usiku mzima wa hofu.

Jambo la pili ni kasi. Mwaka 2013 Wakala wa Dawa wa Ulaya uliipitia upya metoklopramidi na kuweka mipaka: mtu mzima miligramu 10 kwa mara moja, zisizidi 30 kwa siku, kwa siku zisizozidi 5, watoto walio chini ya mwaka mmoja wasipewe kabisa, na ikipitia kwenye mshipa, isukumwe polepole kwa muda usiopungua dakika 3. Ampuli ya kawaida ni mililita 2 tu zenye hizo miligramu 10. Angalia zinavyotolewa kwenye wodi iliyojaa: bomba linavutwa, linachomekwa kwenye mrija wa dripu, linasukumwa mara moja, nesi amehamia kitanda kinachofuata. Mgonjwa anashikwa na wasiwasi usio na sababu. Hatulii, anakunja miguu, anataka kung'oa dripu aondoke, kisha usingizi unamchukua. Wodini anaitwa msumbufu, kumbe ni dawa iliyokwenda mbio.

Manesi wana jibu lao, na ni jibu la haki: nani ana dakika 3 za kusimama kitanda kimoja wakati wagonjwa ni arobaini na wauguzi ni wawili? Ila njia ipo. Dawa hiyo inaweza kuchanganywa kwenye mililita 50 za maji ya dripu na kuachwa itiririke kwa robo saa, au ichomwe kwenye msuli. Hakuna mashine inayohitajika.

Kuhusu promethazini, kisa kinachostahili kukumbukwa ni cha Diana Levine, mwanamuziki wa jimbo la Vermont nchini Marekani. Aprili 2000 alikwenda kliniki kwa kipandauso kilichoambatana na kichefuchefu. Alichomwa Phenergan kwenye msuli, haikumtosha, akarudi siku ile ile, safari hii ikasukumwa moja kwa moja kwenye mshipa. Dawa ikaingia kwenye ateri, mshipa unaotoa damu moyoni kuipeleka viungoni. Promethazini ni kali kwa tishu, na ikiingia kwenye ateri nyama za mbele hukosa damu na kufa. Mkono wake wa kupigia gitaa uliishia kukatwa. Kampuni ya Wyeth ilijitetea kwamba karatasi ya dawa ilikuwa imeshaonya na kwamba mamlaka ya dawa ilikuwa imeipitisha. Levine alidai kwamba kuonya hakutoshi ilhali kulikuwa na njia salama zaidi ya kuitoa. Machi 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi, majaji 6 kwa 3, na baadaye mwaka huo huo mamlaka ya dawa ya huko ikaagiza onyo kali kabisa liwekwe kwenye dawa hiyo: njia inayopendekezwa ni msuli wa ndani.

Mimi naona Levine alikuwa na haki, lakini hoja ya upande wa pili si ya kutupwa. Tukiondoa kila dawa inayoweza kudhuru ikitolewa vibaya, kabati la zahanati litabaki tupu. Promethazini ya msuli bado ina kazi yake, mradi mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe, maana inaweza kumzimia pumzi, na mtu mzima aliyechomwa asipande bodaboda kuiendesha kurudi nyumbani.

Kwa watoto ndipo mvutano ulipo mkali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 kuhusu kuhara ulikataa katakata dawa za kuzuia kutapika kwa mtoto anayeharisha: zinamlaza, na mtoto aliyelala hanywi ORS, yaani maji ya chumvi na sukari, wakati kutapika kwenyewe hupungua maji yakirudi mwilini. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti wa Chicago kwa watoto 215, waliopewa kidonge kimoja cha ondansetroni kinachoyeyuka mdomoni au kidonge kisicho na dawa. Waliotapika wakati wa kunyweshwa ORS walikuwa asilimia 14 kwa waliopata dawa, na 35 kwa wasiopata. Waliohitaji dripu walikuwa 14 kwa 31. Hapo msimamo wa kukataa kila kitu unayumba. Lakini tusome vizuri: kilichosaidia kilikuwa kidonge cha mdomoni, na ni ondansetroni, ambayo haiwapindi watoto shingo kama metoklopramidi. Anayeutumia utafiti ule kuhalalisha Plasil ya sindano kwa mtoto wa miezi 8 anautumia visivyo.

Na kwetu kuna malaria. Mtoto akitapika dawa mseto ndani ya nusu saa, anarudishiwa dozi nzima. Akitapika kila kitu anachopewa, hiyo ni dalili ya hatari: anahitaji artesunati ya sindano na kupelekwa mbele. Nimesikia watoa huduma wakisema, "tulimchoma ya kutapika kwanza ili mseto ukae." Nia yao njema naiona. Lakini kinachofanyika hapo ni kuizima dalili iliyokuwa inaomba gari, na malaria kali kwa mtoto mdogo haimsubiri mtu.

Yapo matapishi mengine yanayobeba ujumbe wa namna hiyo. Tumbo limevimba, choo hakitoki wala hewa, matapishi ni ya kijani: utumbo unaweza kuwa umeziba, na metoklopramidi inausukuma utumbo huo uliozibwa ufanye kazi. Kijana anayetapika, tumbo linamuuma na anahema kwa kasi: huenda ni kisukari, mpime sukari kwenye kidole kabla ya kufungua ampuli. Ondansetroni nayo ina upande wake. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa potasiamu ikiwa imeshuka, na mtu aliyetapika siku tatu ndiye hasa mwenye potasiamu ya chini. Mwaka 2012 Marekani iliiondoa dozi moja ya miligramu 32 ya mshipa, na kikomo kikawa 16 kwa mara moja.

Wajawazito wanastahili kutulizwa kidogo, kwa sababu wengi wanatapika kimyakimya wakiogopa kumdhuru mtoto. Utafiti wa Denmark uliotoka mwaka 2013, uliohusisha mimba zaidi ya 28,000 zilizokutana na metoklopramidi, haukuona ongezeko la kasoro kubwa za kuzaliwa. Kwa ondansetroni, Ulaya ilishauri mwaka 2019 iepukwe katika miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu ya ongezeko dogo la watoto wenye midomo au kaakaa lililopasuka, kama 3 zaidi kwa kila watoto 10,000. Kwa mama anayedhoofika, hatari ya kuachwa bila tiba inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo, na uamuzi huo aufanye pamoja na mtoa huduma wake.

Kwa hiyo nisingependa sindano hizi zipandishwe hadi hospitali tu. Zibaki zahanati, lakini dawa ya kufungua shingo iliyopinda, iwe biperideni au nyingine inayofaa, ikae kwenye rafu hiyo hiyo, na mgonjwa abaki kwenye benchi walau nusu saa kabla ya kuruhusiwa. Akiondoka, aliyekuja naye aambiwe waziwazi: shingo ikipinda au macho yakiganda, mrudisheni hapa upesi na mje na karatasi hii. Duka la dawa muhimu halina ruhusa ya kuchoma, na anayebembelezwa kuchoma chumba cha nyuma akatae hata kama mteja ni jirani.

Linalobaki ni ondansetroni ya kidonge. Hataza yake Marekani, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza, iliisha mwaka 2006 na sasa inatengenezwa na viwanda vingi. Wanaopinga kuishusha hadi zahanati wanasema itageuka Plasil mpya, kila anayetapika apewe bila kuulizwa. Huenda. Ila kidonge kilichotolewa bila sababu hakiachi jipu kwenye paja la mtoto, na mama anaweza kuendelea kumnywesha ORS kwa kijiko wakiwa wamekaa pale pale wanaonekana.