Dapsoni si ya kuchanganya ovyo

Asante kwa makala kuhusu dapsoni, dawa ya ukoma ambayo pia hupakwa kwa chunusi, ila namna inavyogongana na dawa nyingine mmeipitia kwa sentensi moja tu, na hapo ndipo watu huumia. Rifampisini, ambayo mgonjwa wa ukoma huinywa pamoja nayo, huchochea ini liivunje dapsoni haraka, kiwango chake kwenye damu kikashuka. Trimethoprimu, dawa ya kuua bakteria, ni kinyume: ikitumiwa na dapsoni, kila moja hupandisha kiwango cha mwenzake kwenye damu, madhara yakaongezeka. Na madhara mabaya zaidi huanzia kwenye damu. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, akinywa dapsoni chembe hizo hupasuka upesi, kwa hiyo jamani, apimwe kabla ya kidonge cha kwanza. Midomo na kucha zikigeuka samawati na pumzi ikawa fupi, usingoje kesho, kimbia hospitali. Damu inashindwa kubeba oksijeni.

Wanaopaka jeli yake kwa chunusi nao wasikie. Mdogo wangu aliipaka juu ya benzoili peroksaidi, dawa nyingine ya chunusi, akaamka mashavu na nyusi vina rangi ya njano inayoelekea chungwa. Ilichukua zaidi ya wiki kutoka. Alilia mno, na aliyemuuzia hakuwa amemwambia neno.