Nani aliye nje ya noti, kanuni au kinanda?

Kwa waliosomea muziki kwenye kinanda, taarab kongwe ya Unguja mara nyingi huonekana imetoka "nje ya noti". Ukiwabana huikimbilia fizikia: noti 12, wanasema, zimo kwenye maumbile ya sauti yenyewe. Kwa maoni yangu hapo wanaionea kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, na hesabu inaweza kuitetea.

Chukua uzi unaotetemeka mara 220 kwa sekunde. Hiyo ndiyo sauti ya msingi. Ndani ya uzi huohuo zimo pia 440, 660, 880 na 1100. Gusa theluthi ya uzi kwa ncha ya kidole na 660 itajitokeza wazi. Sasa nenda kwenye kinanda kilichotyuniwa vizuri, utafute noti iliyo jirani na ile 1100. Utakuta karibu 1109. Zilize pamoja, usikie sauti inavyopwita, kama mara tisa kila sekunde. Uzi haukukosea.

Kuna zaidi. Kutoka sauti ya msingi, panda mara 12 kwa hatua ya tatu kwa mbili, ile ya kutoka 440 hadi 660. Utakuwa umeizidisha sauti yako mara 129.746. Panda kwa oktavu saba, yaani kuizidisha kwa mbili mara saba, utapata mara 128 kamili. Kwenye kinanda safari hizi mbili huishia noti moja, lakini katika maumbile hazikutani, wala hazitakutana hata ukipanda mara elfu: tatu ikizidishwa kwa tatu haitoi shufwa milele, na mbili kwa mbili haitoi witiri. Hesabu hii nimeirudia sijui mara ngapi, na kila mara naduwaa kwamba pengo dogo hivi halina dawa. Kinanda hakikuliziba. Kimeligawa, kila hatua ikapunjwa kidogo ili mduara ufunge.

Mgao huo si wa kubezwa. Mwimbaji akiamka na mafua, bendi nzima hushuka nusu noti na wimbo ukaenda. Gitaa, saksafoni na kinanda hukaa jukwaa moja bila ugomvi. Mpiga kanuni naye ana kazi ya kutyuni nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila noti, na shabiki hana subira.

Wala sidai kanuni ndiyo maumbile. Ngazi yake pia imechaguliwa na watu. Katika Rast, mojawapo ya ngazi za muziki wa Kiarabu, noti ya tatu hukaa kati ya mi na mi iliyoshushwa, na mahali hasa hutofautiana nchi kwa nchi. Mwaka 1932 mabingwa wa muziki huo walikutana Cairo, wakajadili kuigawa oktavu vipande 24 sawasawa, wakaachana bila kukubaliana. Siwalaumu, kwa kuwa sikio la kila mji lilikuwa na haki yake.

Vipo vinanda vinavyoshusha noti kwa robo, lakini robo hiyo ukishaiweka haisogei. Mpiga fidla aliyekua na kanuni huitafuta ile noti ya tatu kwa kidole: huisogeza juu kidogo wimbo unapopanda, huilegeza unaporudi. Anayejifunza leo pembeni ya kinanda hukiweka kidole pale kinanda kilipo, na akitofautiana nacho ndiye anayeambiwa arekebishe.