Niulize Siku ya Mia Nne

Usiku mmoja nilikaa gizani dakika kumi na mbili nikiisubiri balbu ikubali kuwaka. Umeme ulikuwepo, na balbu yenyewe ilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba swichi ya ukutani nilishaistaafisha: maelekezo yalisema iachwe imewashwa muda wote, maana kuanzia siku hiyo amri zingetoka kwenye simu. Nikaizima na kuiwasha hata hivyo. Balbu ikakumbuka hali yake ya mwisho, yaani kuzimwa, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyeipangia ikumbuke. Nikageukia simu, nayo ikawa na lake. Programu ya taa ilitaka sasisho. Sasisho lilipokwisha, ikataka niingie upya kwenye akaunti. Nenosiri nililiandika kwenye daftari, daftari liko mezani, meza iko gizani. Nikawasha tochi ya simu nikaanza kulitafuta. Yaani nilikuwa na taa mkononi, naitumia kutafutia ruhusa ya kuwasha taa.

Ungeniuliza mwezi wa kwanza ningekusifia balbu hiyo mpaka unyanyuke uondoke. Boksi liliandikwa rangi milioni 16. Wiki ile sebule ilikuwa zambarau, ikawa kijani, ikawa rangi ambayo sijui hata inaitwaje. Sasa umepita zaidi ya mwaka, na rangi ninazozitumia ni mbili: nyeupe ya kusomea, na ile ya manjano ya jioni.

Wahenga walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda, na sina ugomvi na unyemi. Ninachogomba nacho ni hiki: karibu kila anayetuhadithia habari za vifaa vipya anazungumza akiwa bado ndani ya unyemi wake. Mwenye kampuni yuko jukwaani, betri imejaa, mtandao hausumbui, na aliyeshika kifaa amekifanyia mazoezi siku nyingi. Mchambuzi naye amekaa nacho wiki moja au mbili. Video ikishapanda, anafungua boksi jingine. Tunaobaki na kifaa ni mimi na wewe. Hakuna anayerudi siku ya mia nne kutuuliza: zile mbwembwe mnazitumia bado, au ziliishia wiki ya pili?

Siku ya mia nne ndiyo ninayoijali. Nikisikia kelele za kifaa kipya siku hizi, najaribu kujiona nikiwa nacho siku hiyo, nimechoka, mikono imelowa, chaji imebaki asilimia tisa, mtandao unasuasua. Kikipita hapo, tuzungumze.

Vingi havipiti, na mara nyingi kinachoviangusha ni kitu kidogo hata aibu kukitaja. Desemba 2001 mvumbuzi Dean Kamen alipoizindua Segway, kile chombo cha magurudumu mawili unachosimama juu yake, wapo waliosema miji ingejengwa upya kukifuata. Na kusema kweli kilikuwa cha ajabu: ukiegemea mbele kinakwenda, ukirudi nyuma kinasimama. Lakini kilikuwa na uzito wa karibu kilo 38, na dunia ina ngazi. Ukifika uendako unakiegesha wapi? Ukikuta ngazi kumi unakibeba na nani? Sakafu ya maonyesho huwa haina ngazi. Mwaka 2020 utengenezaji wake ulisimamishwa, na miji iko vilevile.

Televisheni za 3D zilikuja kwa kishindo kuanzia 2010. Sinemani mtu umekaa wima, unatazama mbele, umenyamaza. Nyumbani nani anakaa hivyo? Nyumbani mtu anajilaza ubavu kwenye kochi, na ukijilaza ubavu picha ya 3D inavurugika, kwa kuwa imetengenezwa kwa macho mawili yaliyo sambamba na sakafu. Halafu miwani: ya watu wanne, wageni wakija ni sita. Kufikia 2017 LG na Sony nao walikuwa wameachana nazo. Wahandisi hawakukosea hesabu. Kochi ndilo halikuwamo kwenye hesabu.

Google Glass, miwani yenye kamera na skrini ndogo, nayo ilianza kuuzwa kwa wachache 2013 kwa dola 1,500, na Januari 2015 mauzo hayo yakasitishwa. Miwani ile ilimfaa aliyeivaa. Aliyekaa mbele yake ndiye aliyeikataa, maana hakujua kama anazungumzishwa au anarekodiwa.

Kuna ulaghai mwingine wa upole zaidi, nao ni wa tarakimu. Siuiti uongo, kwa sababu kila tarakimu ina maabara yake ambako ni kweli. Chukua kamera ya simu yenye megapikseli 108, yaani nukta milioni 108. Kwa kawaida kamera hizo huunganisha nukta tisa kuwa moja, picha inayotoka ni ya megapikseli 12. Picha hiyo unaituma kwa programu ya ujumbe, nayo inaiminya kabla haijaondoka. Anayeipokea anaitazama kwenye skrini ambayo, ikiwa ni ya kiwango cha Full HD, ina nukta zipatazo milioni mbili tu. Umelipia 108, mama yako kule ameziona mbili, na akasema picha nzuri. Na ni nzuri kweli! Ila uzuri umetokana na mwanga wa dirishani na mkono wako kutulia, vitu ambavyo haviandikwi kwenye boksi.

Au maji. Simu imeandikwa IP68, alama ya kuzuia vumbi na maji, na kwenye tangazo mtu anaogelea nayo akicheka. Kipimo hicho hufanywa maabara, kwa simu mpya, kwenye maji safi yaliyotulia, kwa kina na muda uliopangwa. Mpira unaozuia maji huchakaa kadiri siku zinavyokwenda, na simu iliyoanguka mara tatu si ile iliyopimwa. Maji yakiingia, unasoma karatasi ya dhamana unakuta uharibifu wa maji haumo. Novemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 kwa mambo haya haya: matangazo yanasifu ukinzani wa maji bila kuweka wazi masharti yake, huku dhamana ikikataa simu zilizoingia maji. Mimi simu yangu naifuta kwa kitambaa na kuiweka mbali na sinki, kama nilivyofanya na ile ya vitufe.

Lakini ukitaka kujua kwa nini nimeshikilia siku ya mia nne na siyo ya mia mbili, tazama betri.

Betri za lithiamu ioni ziliingia sokoni 1991 kupitia Sony, na tangu hapo zimeboreshwa sana, ila zinazeeka tu. Kila unapochaji unakula kidogo umri wake. Kwa miaka mingi Apple yenyewe ilieleza kwamba betri ya iPhone imekusudiwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 kamili ya chaji. Kuanzia iPhone 15 ikasema 1,000. Kwa anayemaliza chaji nzima kila siku, mizunguko 500 ni kama miezi kumi na sita. Kwa hiyo kifaa ulichosifiwa siku ya kwanza ni kingine kabisa na hiki ulichonacho mwaka wa pili, hata kama hujakidondosha. Hilo halisemwi jukwaani. Jukwaani betri inakaa "siku nzima", na siku hiyo ni ya kwanza.

Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa inapunguza kasi ya baadhi ya simu zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla. Sababu ya kiufundi inaeleweka. Kilichowaudhi watu ni kutoambiwa. Mtu anaona simu inasota, anaamini imepitwa na wakati, anaanza kutazama mpya, kumbe kilichochoka ni kipande kimoja tu ndani yake, ambacho baada ya kelele zile kampuni iliamua kukibadilisha kwa dola 29 badala ya 79.

Nina spika za masikioni zisizo na waya. Mwaka wa kwanza nilizipenda kiasi cha kuona haya. Sasa ya kushoto inakaa dakika arobaini halafu inaaga kwa sauti ya upole, ya kulia inaendelea peke yake, na mimi nasikiliza mazungumzo ya watu wawili kwa sikio moja. Nilizipeleka kwa fundi. Akaigeuzageuza ile ya kushoto kwenye kidole, akaisogeza karibu na taa, akatafuta pa kuingiza kibanio, hapakuwepo. "Hii haifunguki, ndugu yangu. Nikiifungua nimeivunja." Betri iliyomo ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Waya nilioudharau kwa miaka ulikuwa hauna betri ya kufa.

Umoja wa Ulaya umepanga kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vingi vya mkononi ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Misamaha ipo, na sishangilii mapema. Ila inachekesha kidogo kwamba kufungua mfuniko wa nyuma wa simu, jambo tulilokuwa tukilifanya kwa ukucha, sasa linahitaji sheria.

Balbu yangu, tukirudi kwake, haina betri. Yenyewe ina ugonjwa mwingine: haijitegemei. Kukubali kwake kuwaka kunapitia kompyuta ya mtu mwingine mahali usipopajua. Tarehe 7 Desemba 2021 huduma za wingu za Amazon, yaani kompyuta zake zinazokodishwa na kampuni nyingine, zilipokwama upande wa mashariki mwa Marekani, roboti za kufagia na kengele za milango zilikwama nazo. Fikiria sakafu, vumbi na fagio vyote viko chumba kimoja, lakini ufagiaji umesimama kwa sababu ya jengo lililo maili nyingi kutoka hapo.

Hilo angalau lilikwisha siku ileile. Kuna kukwama kusikoisha. Revolv kilikuwa kisanduku cha kuunganisha vifaa vya nyumbani. Kampuni yake ilinunuliwa 2014 na Nest, kampuni nyingine ya vifaa vya nyumbani, na Mei 2016 huduma ikazimwa, kisanduku kikabaki plastiki. Miaka minane baadaye, Aprili 2024, kikaja kifaa cha kubandika kifuani cha kampuni ya Humane, dola 699 na ada ya 24 kila mwezi, kikiahidi kutupunguzia utumwa wa simu. Februari 2025 HP ilinunua mali za kampuni hiyo, na tarehe 28 ya mwezi huohuo vifaa vikakatiwa mawasiliano na seva zake. Aliyekipokea siku ya kwanza kabisa hakufika nacho siku ya mia nne. Hakufika hata mwaka.

Sasa kila kitu kina akili mnemba. Mashine za kufulia zina akili mnemba, miswaki ina akili mnemba. Nyingine ni kipima joto na kipima uzito vilivyopewa jina jipya. Sikatai kwamba ndani ya kelele hizi kuna kazi ya kweli. Mimi mwenyewe natumia programu inayogeuza sauti kuwa maandishi na imeniokolea saa nyingi. Lakini simu yangu pia ilijitolea kunifupishia jumbe. Kaka yangu aliandika ujumbe mrefu: usije kesho, nina dharura, kama vipi njoo Jumamosi, ila nipigie kwanza. Muhtasari ukasema: Kaka anakualika Jumamosi. Hapo "kama vipi" imekufa, "nipigie kwanza" imekufa, na hayo ndiyo yaliyokuwa ujumbe wenyewe. Kidogo niende. Januari 2025 Apple ilisitisha mihtasari yake ya habari baada ya BBC kulalamika kwamba inabeba vichwa vya uongo, nami nikajua siko peke yangu kwenye mtego huu.

Mdogo wangu ananiita mzee kwa maneno haya. "Kaka, wewe ungekataa hata gurudumu." Nikamwambia nisingelikataa, ningesubiri tu nione likivuka tope. Yeye saa yake janja inamwambia usiku amelala vibaya. Nilimuuliza alikuwa hajui? Akasema alijua, lakini sasa ana grafu. Mwezi wa tano aliisahau kwenye chaja, akasafiri, akarudi baada ya siku sita. Hizo siku sita, kwa maneno yake, alilala vizuri sana.

Na mambo yaliyonisaidia kweli, nikiyahesabu, mengi hayakupigiwa ngoma. Tochi ya simu sikumbuki nani aliizindua. Kunakili na kubandika maandishi hakuna aliyenishawishi nivipende. Chaja moja inayoingia kwenye vifaa vingi ni raha ninayoigundua upya kila nikipakia begi. Haya yote niliyazoea kabla sijayasifu.

Balbu nimeitoa. Nimefunga ya kawaida, ya rangi moja, na swichi imerudishwa kazini bila barua. Ile ya rangi milioni 16 iko kwenye droo pamoja na spika ya kushoto, na programu yake nilisahau kuifuta. Jana jioni simu ikatetemeka, ikanijulisha kwa masikitiko kwamba taa ya sebuleni haipatikani. Nilikuwa nimekaa chini yake, nasoma.