Kumbe Marekani Nako Watu Hupatana Bei

Wiki yangu ya kwanza Houston, mwaka 2006, niliingia duka la viatu nikauliza bei. Dada wa kaunta akanionyesha kibandiko. Nikamwomba anipunguzie kidogo, maana mimi mgeni. Akakigeuza kile kibandiko, akaangalia nyuma yake, akakigeuza tena, kana kwamba anatafuta palipoandikwa bei ya wageni. Nikalipa ile ile. Nilitoka pale nikiamini nimehamia nchi isiyojua kupatana bei, na kwa mtu aliyekulia Kariakoo ule ulikuwa msiba.

Imenichukua miaka kujua kwamba nilikosea mlango. Kupatana bei Marekani kupo, tena kwa kususa na kusemana kuliko Kariakoo. Ila wanaopatana ni kampuni za teknolojia na kampuni za televisheni, na hela wanazobishania ni zangu.

Nilianza kushtuka mwaka 2007. Apple ilikuwa inauza kipindi kimoja cha televisheni kwa dola 1.99 kwenye duka lake la mtandaoni, iTunes. Mkataba wake na NBC, kampuni kubwa ya televisheni, ukakaribia kuisha, wakakaa mezani, wakashindwana. Apple ikatangaza kwamba wale jamaa wanataka zaidi ya mara mbili ya bei ya jumla, na kwa hesabu hiyo kipindi kingefika dola 4.99. NBC ikaruka: hatujasema hivyo, tunachotaka ni uhuru wa kupanga bei. Siku chache baadaye kila mtu mtaani alikuwa na upande wake, kama Simba na Yanga.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kauli ya Jeff Zucker, bosi wa NBC wakati huo, kwamba walikuwa wameomba pia mgao kwenye mauzo ya iPod, kile kifaa cha Apple cha muziki na video. Hebu fikiria muuza mchele anadai mgao kwenye kila sufuria inayouzwa sokoni, kwa hoja kwamba bila mchele wake ungenunua sufuria ya nini. Hoja yenyewe ina akili, sikatai. Lakini angeipeleka Kariakoo angepigwa na hilo hilo sufuria.

Septemba 2008 NBC ikarudi iTunes. Kipindi cha kawaida dola 1.99. Chenye picha safi zaidi, 2.99. Vya zamani, senti 99. Wamenuniana mwaka mzima, na bei iliyoleta ugomvi ikarudi ilipokuwa, na pande zote mbili zikatoka zinatabasamu kama maharusi.

Siku hizi vifaa vimebadilika, tabia ni ile ile. YouTube TV, huduma ya Google ya kutazama televisheni kwa intaneti, ilianza mwaka 2017 kwa dola 35 kwa mwezi, ikijinadi kuwa dawa ya kebo, yaani televisheni ya kulipia ya waya. Kufika 2025 ilikuwa dola 82.99, dawa imekuwa ghali kama ugonjwa. Mwisho wa Oktoba mwaka huo ilishindwana na Disney, na chaneli za Disney, ABC na ESPN zikiwemo, zikatoweka kwa wateja wake kwa wiki mbili katikati ya msimu wa mpira wa Kimarekani. Google ikasema Disney inataka bei itakayomwumiza mteja. Disney ikasema Google inatumia ukubwa wake kukwepa kulipa bei ya soko. Google maskini, Disney mnyonge! Nilikaribia kuwachangia.

Mteja akapewa fidia ya dola 20.

Waswahili walituambia wapiganapo tembo nyasi huumia. Hawakutuambia kwamba tembo wote wawili wangeziandikia nyasi barua pepe. Yalinikuta na mimi, kwa kampuni ambayo sitaitaja, maana nina mkataba nayo mpaka leo. Asubuhi nafungua simu: "Mpendwa mteja, tunapigana kwa ajili yako." Mchana, tangazo la upande wa pili: piga simu uwaambie watoa huduma wako wairudishe chaneli yako. Mpendwa mteja mwenyewe hakuna aliyemwuliza yuko tayari kulipa shilingi ngapi. Kariakoo mnunuzi angalau yupo pale, ameshika kitambaa, anaweza kujifanya anaondoka akaitwa, "Njoo basi kaka, tuongee." Mimi nikijifanya naondoka, nagundua akaunti imefungamana na simu ya mke wangu na katuni za watoto.

Na kuna jambo linalonikera zaidi. Vituo vingi vinavyogombaniwa vinarusha matangazo bure hewani. Ukiwa na antena ya dirishani unaviona bila kulipa senti. Lakini sheria ya mwaka 1992 iliviruhusu kudai malipo kwa kampuni ya kebo inayobeba matangazo hayo hayo, na mlango huo ndio ugomvi mwingi unapopitia. Basi nilinunua antena, nikaibandika kioo kwa selotepu. Ilikamata mahubiri ya Kihispania na hali ya hewa, vizuri sana.

Sisemi nyumbani ni peponi. Agosti 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilipozuia Azam, DStv na Zuku kubeba chaneli za kitaifa zinazotakiwa kuonekana bure, dada yangu Mbagala aliishia na ving'amuzi viwili juu ya televisheni moja, kimoja cha taarifa ya habari na kimoja cha mpira, na rimoti zinazofanana. Mpaka leo anazitofautisha kwa mpira wa manjano aliofunga kwenye moja. Ila nyumbani, siku nyingine zote, picha ikikatika mchawi anajulikana: kifurushi kimeisha na mimi sijalipia. Na dawa inajulikana: kibanda umiza, banda la kuonyeshea mechi. Unatoa jero, yaani shilingi mia tano, unakaa kwenye benchi lisilo na mgongo, umebanwa na mabega ya watu usiowajua, na jenereta inanguruma nje. Kifurushi cha mwenye banda kikiisha dakika ya 80, inapitishwa kofia.

Ile Jumamosi niliyokatiwa, mechi yenyewe nilishailipia tangu mwanzo wa mwezi. Saa tano na nusu asubuhi Houston, skrini nyeusi, na tangazo la kuniomba radhi kwa niaba ya mtu mwingine. Nikampigia mpwa wangu, kwao saa mbili na nusu usiku, yuko bandani. Akanielekezea simu kwenye skrini kupitia WhatsApp. Niliona robo ya uwanja na kisogo cha mtu aliyevaa kofia, nikaridhika kabisa.

Dakika ya 20 picha ikayumba, nikasikia mzozo.

"Mjomba," akaniambia, "mwenye banda amekuona. Anasema na wewe ulipe jero."

"Mwambie naona nusu. Anipunguzie."

Simu ikazibwa kwa kiganja, nikasikia wanabishana.

"Anasema mia tatu, mjomba. Bei ya mwisho. Na yule wa kofia anahama."