Mguu wa sukari: mnamlaumu aliyechelewa wakati mguu wenyewe haukumwambia

Huku kwetu Mbeya ukikaa na watu wa hospitali ukagusia miguu ya wagonjwa wa sukari utaambiwa kitu kimoja, wanachelewa. Na siwezi kubisha sana maana ni kweli, mtu anafika kidonda kishaanza kunuka, kidole kishakuwa cheusi, ukimuuliza kimeanza lini anasema juzi, kumbe tangu mwezi uliopita anafungua kapsuli na kumwagia ule unga, na hapo katikati kapita kwa mganga. Daktari anayeletewa mguu wa hivyo saa nane usiku hana miujiza, anakata ili mtu abaki hai, halafu mtaani inasemwa pale ukienda na kidonda wanakukata. Hasira zao nazielewa.

Ila hili neno uzembe wanalowabandika wagonjwa ndo nalikataa.

Mimi na wewe tunakimbilia hospitali kwa sababu ya nini? Maumivu. Jino likiuma husubiri mtu akuhamasishe. Sasa sukari ikikaa juu miaka na miaka inaharibu mishipa ya fahamu, inaanzia huko mwisho vidoleni, mara nyingi miguu inawaka moto usiku, baadae kimya. Mtu anafurahi, anasema imepoa, kumbe ndo ganzi imeingia.

Baba mdogo wangu analima viazi Isongole. Mwezi wa 7, baridi ile mnayoijua, tumekaa jikoni tunaota moto anapiga stori za mbolea, mama mdogo akasikia harufu ya plastiki inaungua, kuangalia ni ndala ya mzee imegusa figa inayeyuka, mwenyewe ndo kwanza yuko kwenye bei ya mfuko. Tukacheka. Hiyo ndo inaniuma mpaka leo, tulicheka jamani. Malengelenge yalikuja kuonekana siku ya tatu, na wala si yeye aliyeyaona, ni mama mdogo anafua soksi akaona zina majimaji. Huyo nae mwambie mzembe.

Na si huku kwenye baridi tu. Dar es Salaam Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa kisukari waliong'atwa na panya miguuni. Panya! Anatafuna kidole na mwenye kidole kalala.

Namba ambayo hainitoki kichwani ni 85. Karibu asilimia 85 ya miguu inayokatwa kwa wenye kisukari inatanguliwa na kidonda, yaani lengelenge la kiatu cha mtumba cha Mwanjelwa kinachobana, kijiwe ndani ya gambuti, kucha iliyokatwa kwa wembe ikapitiliza. Maana yake mara nyingi kabla ya msumeno kulikuwa na siku, pengine wiki, ambazo mtu yeyote mwenye macho angekiona, na macho ndo yanatakiwa kwa sababu mwenye mguu hasikii kitu. Hata kumjua nani ana ganzi hakuhitaji mashine ya mamilioni, ni kiuzi cha nailoni kinabonyezwa kwenye unyayo, kinapinda kwenye gramu 10, unamuuliza mzee umesikia? Dakika chache tu.

Wenzangu wanasema elimu imetolewa sana, hadi redioni. Sawa, lakini kama ujumbe ni ukisikia tatizo wahi hospitali, yeye ndo hasikii sasa. Na niambieni, nani atauza gunia la viazi apate nauli ya kupeleka mjini kidonda kisichouma?

Baba mdogo alitoka hospitali na vidole viwili pungufu. Siku hizi kila usiku mjukuu anammulika nyayo kwa tochi ya simu, mpaka katikati ya vidole, nae ameshazoea hadi kliniki iliyofuata akavua viatu mwenyewe akiwa bado kwenye foleni. Nesi akamwambia mzee wangu vaa tu viatu, leo ni sukari na presha.